Miezi Kumi na Moja

Tumekaa sakafuni, juu ya gazeti la juzi,
ghorofa ya nne, Pune, jengo lisilo na lifti,
na kila neno tunalosema linagonga ukuta na kurudi,
maana hakuna kitanda wala pazia la kulimeza.

Niranjan ana kalamu. Mimi nina bili ya umeme,
mgongo wake mweupe unafaa kwa hesabu.
Friji: rupia elfu ishirini na sita kununua,
elfu moja kwa mwezi kukodi.
"Mwezi wa ishirini na saba," anasema, "ndipo tunaanza kuliwa."
"Na mkataba wa nyumba?"
Anajua. Miezi kumi na moja.
Bwana Phadnis haongezi hata wiki, hata ukimpigia magoti.

Miaka minne, miji mitatu.
Nagpur tulinunua kitanda cha msaji, kizito kama deni.
Siku ya kuhama tukakiuza kwa bei ya kiti cha plastiki,
mnunuzi akikipapasa kama anayechagua mbuzi,
naye keshaliona lori letu mlangoni.
Hyderabad tulinunua sofa. Ngazi zikaikataa.
Ikalala uani, ikanywa mvua ya Julai
mpaka ikaota uyoga.

Mama mkwe yuko kwenye simu, sauti imejaa chumba kitupu:
"Nyumba sawa, kodini, hamna budi.
Lakini mtu mzima kulalia godoro la watu?
Cha kuazima hakisitiri."
Yeye ana kabati la chuma,
alililipia kidogo kidogo kwa miezi thelathini
kabla Niranjan hajazaliwa.
Bonde lililo ubavuni mwake
ni la siku lilipoanguka kutoka kwenye mkokoteni,
na kila mgeni husimuliwa bonde lile kabla ya chai.

Nani atasimulia bonde la friji ya kampuni?
Hilo watalikata kwenye amana.

Nyumba tumepanga. Maisha tunayapanga.
Neno ni lile lile, nalo halinipi usingizi:
mpangaji ni yule mwenye mpango,
au yule asiye na pake?

Tukaanza na meza, ya kukodi, kwa kujaribu.
Wakaipandisha watu wawili wenye mashati ya buluu.
Mkubwa, Irfan, akanywa maji bilauri mbili bila kupumua,
akaipiga meza kofi la kirafiki:
"Huyu namjua. Nimempandisha ngazi za nyumba sita."

Walipoondoka, kifuniko cha chupa kikabingirika.
Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya meza,
na huko, kwa penseli, herufi zimeinama kama nyasi:
SANIKA.
Na paka mwenye miguu mitano.

Juu walikuwa wamepiga msasa, wamepaka vanishi,
meza inang'aa kama haijawahi kulisha mtu.
Chini hakuna aliyeinama.

Nikajilaza chali pale pale.
"Umepoteza nini?" Niranjan akauliza.
Sikumjibu. Nilikuwa nauhesabu tena ule mguu wa tano,
labda ulikuwa mkia,
labda mtoto aliitwa mezani kabla hajamaliza.

Basi friji tukaikodi. Mashine ya kufulia pia.
Usiku friji inanguruma kwa lafudhi ya jikoni kwa wengine,
na asubuhi maziwa ni baridi vile vile.
Godoro tukanunua.
(Mama mkwe asijue kwamba hapo nilikuwa upande wake.)
Bili ile ya umeme, pamoja na hesabu zake,
tukaisahau mpaka wakaja kutukatia.

Mwezi wa kumi na moja Irfan atarudi.
Atamgeuza rafiki yake ubavu ili apite mlangoni,
na akitazama vizuri
atakuta paka amepata mwenzake.
Bado sijaamua atakuwa na miguu mingapi.
Penseli ninayo.
Hiyo ni ya kununua.